Hata Mama Yangu Analipa

Bango lilikuwa limechomekwa katikati ya nyasi za mama yangu, baina ya mawaridi yake na njia ya gari, na halikuwa bango langu.

Nilikanyaga breki ghafla hata Efraín akamwagikiwa na kahawa mapajani. Efraín Arreola ndiye msimamizi wa mafundi wangu. Tumeezeka paa pamoja miaka kumi na minne, na hasira zangu anazijua kuliko mke wangu. Hakulalamikia kahawa. Alikuwa anatazama kule nilikokuwa natazama mimi.

"Bosi," alisema polepole, "yule si tai?"

"Namwona."

"Tai wa Cavanaugh? Kwa Bi Ouida?"

"Nimesema namwona, Efraín!"

"Haya, haya. Nilidhani ni macho yangu." Akaanza kujifuta suruali. "Ila ukishuka usimpige mtu. Tukikosa wewe, nani atatusainia malipo ya Ijumaa?"

Kwa mtu asiye wa kazi yetu, bango la nyasini ni kipande cha plastiki tu. Kwetu sisi ni jina la mtu. Ukimaliza paa unachomeka bango lako mbele ya nyumba, linakaa mwezi mzima, na kila anayepita anasoma nani kaaminiwa hapo. Mimi, Delbert Hargis, nimekulia katika nyumba ile. Marehemu baba yangu, Weldon, alinifundisha kupiga msumari juu ya paa lilelile. Na sasa mbele yake, kwenye bango, alisimama tai mwekundu, alama ya fundi Tripp Cavanaugh, mtu aliyeingia mjini kwetu mwaka juzi akiifuata mvua ya mawe, na ambaye mpaka siku ile sikuwahi kuona vumbi kwenye buti zake.

Nikainua macho nikaliona paa lenyewe. Lilikuwa jipya, kuanzia ukingo hadi kileleni. Nilijihisi kama mtoto aliyeingia kanisani akamkuta mama yake amekaa na familia ya jirani.

Mvua ya mawe ilikuwa imeupiga mji wetu wa Bledsoe Creek wiki ya pili ya Aprili. Wiki hiyohiyo iliipiga Abilene vibaya zaidi, na huko nikapata mikataba kumi na mmoja, nikakaa wiki tano. Kila Jumapili nilimpigia mama simu. "Paa likoje, Mama?" Naye alijibu, "Lipo juu, mwanangu, mahali pake." Nilikuwa nacheka. Mjinga mimi, kila Jumapili nilikuwa nacheka.

Hapa lazima niseme habari ya milango ya gari langu, la sivyo hamtaelewa kwa nini bango lile liliniuma vile.

Kwetu Texas bima haikulipii paa lote. Kuna fungu la mwenye nyumba, unalolitoa mfukoni mwako, ndipo bima inajazia. Na watu wengi hudhani fungu hilo ni asilimia mbili ya gharama ya paa. Sivyo. Ni asilimia mbili ya thamani ya nyumba nzima iliyoandikwa kwenye bima. Nimeona wanaume wazima wakijikalia chini barazani kwao nilipowapigia hesabu. Kwa hiyo zamani mafundi tulikuwa tunalimeza fungu. Tunaiandikia bima bei kubwa, mwenye nyumba hatoi hata senti, na kwenye karatasi tunasema tumempunguzia kwa sababu amekubali bango nyasini kwake. Karibu kila fundi alifanya hivyo. Na mimi nilifanya, sitajidai mtakatifu. Kisha mwaka 2019 sheria ikabana. Fundi akilimeza fungu ni kosa la jinai, anaweza kufungwa hadi miezi sita, na bima inaweza kuizuia hundi ya mwisho mpaka mwenye nyumba alete ushahidi kwamba fungu lake kalilipa kweli.

Mimi niliacha. Wengine walibadilisha maneno tu. Wateja wakanikimbia. "Delbert, mwenzako hanidai kitu, wewe wataka elfu sita?" Nilichoka kuulizwa. Asubuhi moja mkahawani nikapiga meza nikasema sheria ni sheria, hata mama yangu mzazi analipa. Watu wakacheka, na mimi kwa ukaidi wangu nikayapeleka maneno yale kwa mchora mabango. Akayapaka kwenye milango yote miwili ya gari, kwa herufi nyekundu: HATA MAMA YANGU ANALIPA. Tangu hapo kila Jumapili nililiegesha gari hilo kanisani, kando ya gari la mama.

Basi asubuhi ile nilishuka. Pale barabarani, kibendera chekundu cha sanduku lake la barua kilikuwa kimeinuliwa, maana yake kuna barua ndani inamngoja tarishi. Nilikiona nikakipita. Hata hodi sikupiga. Nilishusha ngazi yangu nikaiegemeza ukutani, nikapanda.

Mabati ya ukingo yalikuwa yameng'aa vizuri. Nikayakwaruza kwa ukucha, rangi ikabanduka, na chini yake nikaona rangi ya kahawia ambayo mimi na baba tuliipaka mwaka 1998. Walipaka rangi juu ya mabati ya zamani wakayahesabu mapya. Nikachomoa kisu, nikainua kigae kimoja cha lami. Misumari minne, palipotakiwa sita. Nikainua cha pili. Minne. Chini yake, ile karatasi nyeusi ya kuzuia maji ilikuwa ileile ya zamani, imekauka na kuchanika.

"Efraín," niliita kutoka juu, na sauti yangu mwenyewe niliisikia imebadilika. "Hawakubadilisha karatasi."

Efraín alivua kofia yake. Akaiweka kifuani.

"Delbert Ray Hargis! Teremka kwenye nyumba yangu kabla hujavunjika shingo!"

Mama alikuwa amesimama chini, aproni kiunoni, mkono juu ya macho kuzuia jua. Ana miaka sabini na tisa na hanifikii begani, lakini nikisikia majina yangu yote matatu bado najiona nina miaka kumi.

"Mama, nani kakufanyia uchafu huu?"

"Bango linasomeka. Na asubuhi njema kwako pia. Efraín, mwanangu, ingia, mikate iko motoni."

"Asante, Bi Ouida, mimi nitalinda gari."

"Nani aibe gari lenye maneno yale? Ingia."

Tukaingia jikoni. Alitutolea mikate yake midogo ya siagi, akaimwagia mchuzi mweupe wenye pilipili manga. Efraín akaanza kula, uso kwenye sahani. Mimi sikugusa.

"Ulimlipa Cavanaugh fungu lako?"

"Kula kwanza."

"Kwenye bima nyumba imeandikwa laki tatu na elfu arobaini, Mama. Fungu lako ni dola elfu sita na mia nane. Ulimlipa au hukumlipa?"

"Alisema limeshashughulikiwa."

"Limeshughulikiwaje?"

"Kwa bango."

Nilisimama hata kiti kikaanguka. "Hiyo ni jinai!"

"Ni jinai yake. Okota kiti cha watu."

"Na bima wakikuuliza ushahidi? Utawaonyesha tai?"

Mama alichukua kitambaa akaifuta meza mahali ambapo palikuwa pasafi. Aliifuta muda mrefu.

"Wameshauliza," alisema. "Barua yao ilikuja wiki iliyopita. Yule kijana Cavanaugh akaniletea risiti. Inasema nimelipa taslimu. Ameitia sahihi yeye, na chini yake nimetia mimi."

Sikumwelewa. Nawaambia ukweli, maneno niliyasikia yote lakini kichwa kiliyakataa. Mama yangu alifanya kazi ofisi ya kaunti miaka thelathini na moja. Alikuwa mthibitishaji wa hati: wewe unatia sahihi mbele ya macho yake, yeye anapiga muhuri kwamba kweli ni wewe na kweli umesaini. Alipostaafu aliendelea na kazi hiyo papa hapa jikoni, bure, muhuri ukikaa kwenye droo ya karibu na jiko. Baba aliwahi kumletea hati ya gari aliyoisaini njiani. Akakataa kuipigia muhuri kwa sababu hakumwona akisaini. Mumewe wa ndoa! Baba akarudi nyuma ya foleni na karatasi mpya, na kaunti nzima ilicheka mwaka mzima.

"Wewe?" nilimwuliza. "Umesaini kwamba umelipa pesa ambazo hukulipa?"

"Nina mkono, Delbert. Nimesaini."

"Wewe, Mama?"

"Unataka niseme mara ngapi?"

Efraín aliacha kutafuna. Mimi niliokota kiti nikakaa. Nimewahi kuanguka kutoka ghorofa ya pili nikavunjika paja, na sikushtuka vile.

"Kwa nini hukuniita?"

"Ungefanya nini?"

"Ningekuja, ninge..."

"Ungelimeza," alisema mama.

"Nisingelimeza!"

"Ungekataa siku mbili, ya tatu ungelimeza, kwa sababu mimi ni mama yako. Kisha huyo Cavanaugh angekuwa wa kwanza kumpigia sherifu. Unafikiri hajausoma mlango wa gari lako? Kila siku anaomba uyavunje maneno yale."

"Basi tungeandikiana ulipe kwa awamu. Sheria inaruhusu."

"Kwa umri huu sianzi awamu za miaka minne. Sipendi kumwachia mtu madeni."

"Na ile akiba ya paa, je?"

Akainuka. Akachukua kikombe kikavu kutoka kabatini akaanza kukiosha. Baba alikuwa mwezekaji, na kitu cha kwanza alichomfundisha mkewe ni kwamba hapa kwetu mawe yatashuka tu, leo au mwakani, na pesa ya fungu lazima ikae benki isiguswe. Ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu kwenye kitabu cha benki wiki tuliyomzika baba: dola elfu saba.

"Mama, pesa ya paa iko wapi?"

Efraín alisukuma sahani. "Naona nikaangalie gari," alisema, na safari hii hakuna aliyemzuia.

Mama aliendelea kuosha kikombe. "Uliiendesha kuja hapa," alisema.

"Nini?"

"Gari lako, Delbert. Umeliegesha pale nje."

Nikakumbuka. Ilikuwa Januari baada ya sheria ile kuanza. Nilikuwa sina kazi miezi mitatu, na benki imenipa siku kumi kabla ya kuja kuchukua gari. Mama akaja nyumbani kwangu na bahasha. Akasema ni pesa iliyosalia kwenye bima ya maisha ya baba, alisahau kunigawia. Nilimkumbatia. Nikalipa benki elfu saba, gari likabaki, na kabla mwezi haujaisha nikapata paa la kwanza.

"Ulisema ni ya bima ya baba."

"Bima ya baba yako ililipia jeneza na mazishi. Zikabaki dola mia nne."

"Ulinidanganya?"

"Hiyo ilikuwa mara ya kwanza," alisema mama. "Sasa nimefika mbili."

Miaka yote ile nilikuwa nazunguka mjini na mlango unaojigamba kwamba hata mama yangu analipa, na gari lenyewe lilikuwa limelipiwa na mama yangu, kwa pesa ileile ambayo sheria inamtaka ailipe. Nilitamani anitukane. Ningejua la kujibu.

"Ulikuwa unayaona yale maneno kila Jumapili," nilisema. "Hukukasirika?"

"Nikasirike? Nilikuwa najivuna." Akakiweka kikombe chini. "Wenzako wote walikuwa wanaiba kwa adabu, mwanangu akakataa. Nikasema benki haitalichukua gari lile nikiwa hai. Ila sikujua mawe yatakuja mapema hivi."

Na hapo, badala ya kumshika mkono kama mtu mwenye akili, hasira zangu zikanishinda. Nikapiga kelele. Nikasema yeye ndiye mtu aliyemrudisha baba nyuma ya foleni, yeye ndiye mwenye muhuri, nikaivuta droo ya karibu na jiko niutoe niutingishe mbele ya uso wake.

Droo ilikuwa tupu. Kulikuwa na alama ya mraba ya wino wa zamani kwenye mbao, basi.

"Muhuri uko wapi?"

"Nimeurudisha."

"Kwa nani?"

"Austin, ofisi ya jimbo, pamoja na barua ya kujiuzulu. Siku ileile niliyosaini risiti. Cavanaugh alipotoka tu nilikwenda posta." Aliongea bila kupandisha sauti. "Siwezi kukaa hapa nathibitisha sahihi za wenzangu na yangu ni ya uongo."

Nililia. Nina miaka hamsini na miwili, na nililia nimesimama, mkono kwenye droo. Mama alinitazama kwa huruma, jambo ambalo lilizidi kuniumiza, kisha macho yake yakaenda kwenye saa ya ukutani.

"Risiti yenyewe iko wapi?" nikauliza, na kabla hajajibu nikakumbuka kibendera chekundu.

"Nimeitia asubuhi hii. Tarishi hupita saa tano," alisema mama.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika nne. Nikasikia gari la posta likisimama nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Nilitoka mbio. Goti langu moja ni bovu na tumbo linanitangulia, lakini nilikimbia nikaruka mawaridi, nikalifikia sanduku wakati mmoja na Twyla wa posta. Nikalikumbatia kwa mikono yote miwili. Efraín, aliyekuwa ameegemea gari, alinitazama kama mwendawazimu.

"Delbert," alisema Twyla kutoka kwenye kiti chake, "ondoa hilo tumbo lako kwenye njia ya barua."

"Ngoja kidogo, Twyla."

"Nina nyumba mia tatu na kumi. Kibendera kiko juu. Hapo ndani kuna kitu changu."

"Ni cha mama."

"Basi mama aje akichukue. Wewe huruhusiwi hata kufungua."

Alisema kweli. Na nilijua pia kwamba hata kama ningeruhusiwa, nisingefungua. Nilikuwa nimeshamwamulia mama mambo mengi mno bila kujua. Nikageuka. Alikuwa anakuja, na ndara zake, polepole, aproni bado kiunoni. Sikujua ataniambia nisogee au vipi.

Alinisogeza kwa kiwiko. Akafungua sanduku, akatoa bahasha, akaitia mfukoni mwa aproni. Kisha akakishusha kibendera.

"Leo sina barua, Twyla," alisema.

Mchana uleule niliuza mashine yangu ya kupandishia vigae. Ni ngazi yenye mota, inabeba mzigo wa vigae hadi juu ya paa wakati wewe umekaa kivulini. Mtu wa Denton alinipa elfu saba taslimu, hakubembeleza hata kidogo, kwa hiyo najua alinipunja. Efraín alipoona inavutwa kwenda zake alishika mabega yake.

"Kwa hiyo tunarudi kubeba wenyewe, bosi?"

"Tunarudi kubeba."

"Mwambie Bi Ouida namdai mgongo, lakini sitamshtaki."

Mama hakuipokea ile pesa hivihivi. Alivaa miwani.

"Wewe ndiye fundi wa paa hili?"

"Hapana. Ni tai."

"Una mkataba wowote na mimi?"

"Sina."

"Basi hakuna anayemeza kitu. Mtoto anarudisha deni kwa mama yake. Liandike hivyo, na tarehe."

Nikamwambia pengine tuweke tarehe ya Aprili, isionekane kama imechelewa. Aliniangalia tu juu ya miwani. Nikaandika tarehe ya siku ile.

Kesho yake, benki ilipofunguliwa, aliweka pesa, akarudi nyumbani akampigia Cavanaugh simu. Akaja saa nne, shati jeupe, buti zinang'aa. Alipoliona gari langu alipunguza mwendo, lakini alishachelewa, maana mama alikuwa barazani anampungia mkono.

"Bi Ouida wangu! Na kaka Delbert pia! Za Abilene?"

"Nimekuja kula tu," nilimjibu.

Mama alimnyooshea hundi. "Elfu sita na mia nane. Fungu langu."

Tabasamu la Cavanaugh lilibaki usoni lakini macho yalikimbia. "Mama yangu, tulishakubaliana. Limeshashughulikiwa. Una risiti."

"Nilikuwa nayo. Nimewapigia bima leo asubuhi. Nimewaambia kulikuwa na risiti ya uongo ndani ya nyumba hii, na sahihi moja ni yangu."

Hata mimi nilishtuka. Hilo hakuwa ameniambia. Nilimtazama mama, nikamtazama Cavanaugh, na huyo mwenzangu alikuwa amepauka kabisa.

"Umewaambia... na hiyo sahihi nyingine?"

"Hawajaniuliza bado. Wakiniuliza nitajibu. Sina tena nafasi ya uongo mwingine, kijana, nimeshajaza." Akaitikisa hundi. "Chukua."

Alichukua. Nani angeacha elfu sita na mia nane? Aliikunja akaitia mfuko wa shati, akaandika risiti ya kweli juu ya boneti ya gari lake, mama akisimama karibu na kumtazama kila herufi hadi alipotia sahihi. Kisha akafungua mlango wa gari.

"Unakwenda wapi?" mama akamwuliza.

"Nyumbani, mama. Tumemalizana."

"Sasa nimelipa yote. Mkataba wako unasema misumari sita, karatasi mpya na mabati mapya ya ukingo." Hakupandisha sauti. "Delbert, mpe mwenzako ngazi. Apande akaone alichoniuzia."

Nikamletea ngazi yangu. Nilimshikia mwenyewe, isije ikasemwa nilimwangusha. Alipanda na buti zile, akainua kigae kimoja, akakirudisha. Aliposhuka magoti yake yalikuwa meusi. Alhamisi mafundi wake walirudi wanane, wakabomoa paa lote, wakaanza upya. Mama alikaa chini kwenye kiti cha baba, kofia ya majani kichwani, chai baridi mkononi, akihesabu nyundo kwa sauti. Zikifika nne zikanyamaza, alikohoa, na nyundo zikaendelea.

Mchana ule jirani mmoja alikuja na hati ya gari mkononi, kama watu walivyokuwa wakija siku zote. "Bi Ouida, ninaomba muhuri wako dakika moja tu."

"Siku hizi nenda benki, mpenzi," mama alimwambia. "Mimi nimeacha."

"Umeacha? Wewe? Kwa nini?"

"Nenda benki."

Nilikuwa karibu, nikasikia. Jirani aliondoka akigeuka nyuma, na nyundo zikafika nne zikanyamaza, mama asikohoe. Aliangalia mikono yake tu. Miaka thelathini na moja ofisini na mingine kumi na mitatu jikoni, na yote imekwisha kwa ajili ya gari langu. Sikuweza kustahimili. Nikaenda garini, nikatoa kisu cha kukwangulia rangi, nikapiga magoti mbele ya mlango wa dereva, nikaanza na herufi ya kwanza.

"Delbert!" mama aliita kutoka kwenye kiti. "Unafanya nini hapo?"

"Nayafuta, Mama."

"Rudisha kisu hicho." Hata hakugeuka kunitazama, macho yalikuwa juu kwenye misumari. "Maneno hayo nimeyalipia."